Mzio Nilioutamka

1

Kila Jumatano saa nne asubuhi ninafundisha maneno. Ndiyo kazi yangu, na usinicheke. Zahanati yetu ya hapa Nzega ina daktari mmoja, wauguzi wanne, na mimi, mfafanuzi. Daktari akishakwambia una hiki na kile, unakuja kwenye benchi langu nakufafanulia mpaka uelewe, maana sheria ya siku hizi inasema hapewi mtu dawa kabla hajaeleza kwa mdomo wake mwenyewe anaumwa nini na dawa hiyo inakwenda kufanya nini mwilini. Kwa hiyo watu wananiamkia barabarani. Mwanahawa Shekimweri, mtoto wa Korogwe, nimeolewa Unyamwezini na mdomo wangu ndio unaonilisha.

Jumatano ile somo lilikuwa ngozi. Nilikuwa na watu thelathini hivi, kina mama wengi na watoto migongoni.

"Ukurutu," nikawaambia, "ndio ule mnaouita pumu ya ngozi. Ngozi nzima ni ukuta. Ngozi ya mwenye ukurutu ni ukuta wenye nyufa, maji yanatoka, vumbi linaingia, mtu anawashwa, anajikuna, nyufa zinazidi. Kazi yako ya kwanza ni kuziba nyufa. Ukitoka kuoga, kabla hujakauka, paka mafuta mazito ya mgando. Krimu ya steroidi ni ya siku zile tu alizoandika daktari, pale ngozi inapowaka. Si ya kung'arishia uso, na mnanielewa nawasema kina nani."

Wakacheka. Mzee mmoja wa Itilo akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nina aleji ya jembe. Nikilishika tu, mwili wote unalegea."

"Hiyo ina jina lake baba, na si la kidaktari," nikamjibu, benchi zima likaangua kicheko. Kisha nikakaza uso, maana hapo ndipo penye kazi. "Mzio, au aleji kama mnavyoiita, ni kinga ya mwili kumwona mgeni mwema ikamdhania mwizi. Inapiga yowe, inamwaga kemikali inayoitwa histamini. Unavimba, unatoka vipele, na ikizidi koo linabana na presha inashuka. Huo unaitwa mshtuko wa mzio, na unaua. Sasa, kutopenda chakula si mzio. Tumbo kuunguruma kwa maziwa, mara nyingi si mzio. Msilitamke neno hili ovyo. Punje inasikia."

Kila mtu akatazama mkono wake wa kushoto. Punje zetu ni ndogo kama za uwele, zinawekwa chini ya ngozi ya kifundo cha mkono. Inasoma damu saa zote. Inawaka kijani ukiwa salama, njano ukipaswa kujihadhari, nyekundu ukiwa hatarini. Lakini kubwa zaidi, inabeba matamko yako. Ukishatamka mbele ya muuguzi kwamba kitu fulani kinakudhuru, kila sufuria, kila duka la chakula na kila mwiko wa shule utajua.

Mama mmoja mwenye kichanga akauliza kwa sauti ndogo, "Na huo ukurutu, mwalimu, hauambukizi?"

Hilo swali nalipenda. Nikafanya ninachofanya kila mwaka. "Mama, hebu njoo," nikasema.

Mama mkwe wangu, Bi Minza, hakosi darasa langu. Hukaa benchi la nyuma, mikono ameificha ndani ya kitenge, anasikiliza kama vile hajawahi kuyasikia. Akaja mbele. Nikautoa mkono wake wa kulia, nikauinua watu wauone. Ngozi imekuwa nene na nyeusi, vidole vimepasuka kwenye maungo, kiganjani kuna mistari myekundu.

"Huyu ana ukurutu tangu usichana wake," nikawaambia. "Nakaa naye nyumba moja, huu mwaka wa tisa. Mnaniona na doa?" Nikauweka mkono ule shavuni kwangu. Watu wakapiga makofi. Hata Dk. Ipyana, aliyekuwa amesimama mlangoni, akapiga.

Bi Minza akaona haya, akainama. "Ahsante, mwanangu," akaniambia.

Sasa niseme ambalo darasa lile halikulijua. Katika miaka tisa hiyo sijala hata tonge moja kutoka mkono ule.

2

Dk. Ipyana aliniita ofisini baada ya darasa. Ni mtu wa Rungwe, mpole, anaongea taratibu.

"Mama Nyamizi, kaa kwanza."

Nimefanya kazi hospitalini miaka ya kutosha kujua "kaa kwanza" inamaanisha nini. Nikakaa.

"Mshauri amekataa," akasema.

Mshauri ni ile mashine inayosoma Mti wa Ukoo, yaani mimi, mume wangu, mtoto wetu, mama mkwe, na wote walio juu na chini yetu, ikapima nani apewe tiba gani. Tulikuwa tumemwombea binti yangu, Nyamizi, wa miaka sita, tiba ya kuzoesha. Nyamizi ana mzio wa karanga, wa kweli. Mwaka juzi kwa jirani alitafuna kipande cha kashata ya karanga kisichozidi ukucha. Punje yake ikawaka nyekundu, midomo ikavimba, akaanza kukoroma. Bi Minza ndiye aliyemchoma sindano ya adrenalini pajani, kwa mikono ile ile, mimi nikiwa nimesimama nalia. Tiba ya kuzoesha ni kumpa mtoto vumbi la karanga la kujaza ncha ya sindano, kesho kidogo zaidi, wiki ijayo kidogo zaidi, daktari akiwa pembeni, mpaka ile kinga yake ijue kwamba mgeni yule si mwizi.

"Amekataa kwa nini?"

"Amemweka Daraja la Tatu. Sababu mbili. Ule mshtuko wa mwaka juzi, na wewe."

"Mimi?"

"Tamko lako." Akanigeuzia kioo cha mashine yake. Jina langu lilikuwa pale, na mbele yake maneno matatu: mzio wa karanga. Na chini yake: koo kubana. "Mama mwenye koo kubana, mtoto mwenye mshtuko. Mshauri anaogopa. Ingekuwa mshtuko wa mtoto peke yake, angekuwa Daraja la Pili, tungemzoesha hapa hapa, na mavuno ya mwaka huu yangemkuta tumeshaanza."

"Na Daraja la Tatu?"

Alijua kwamba najua. Akajibu hata hivyo. "Bweni la Njombe. Anaondoka kabla ya mavuno, anakaa kule mpaka atimize miaka kumi na minne."

Mavuno yalikuwa wiki tano mbele. Anayeujua mji wetu anajua miezi ile ikoje. Karanga zinakobolewa kila uwanja, vumbi lake linakaa kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye nywele, kwenye madaftari ya shule. Huwezi kumficha mtoto asifikiwe na vumbi la mji mzima.

Dk. Ipyana akavua miwani. "Nakuuliza kwa sababu ni wajibu wangu, usinielewe vibaya. Watu wengi walitamka mizio miaka ile ya mwanzo, kumbe tumbo tu lilivurugika, au harufu haikuwapendeza. Si dhambi. Kama lako lina shaka yoyote, niambie. Ukilitangua, Mshauri anapima upya papo hapo."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa kuanza nacho ni neno moja, kwa mtu mpole, ndani ya chumba chenye watu wawili.

"Hapana, dokta," nikasema. "Koo lilibana."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Alikuwa amenipigia makofi robo saa kabla, na sikuweza kumtazama usoni nikamwambia. Hivyo tu. Niliona aibu mbele ya daktari, nikamtoa mwanangu kafara.

3

Tonge lenyewe lilikuwa la nsansa.

Kama huna ndugu Tabora huenda hujui. Nsansa ni majani ya kunde yaliyochemshwa yakaanikwa, halafu yanapikwa na karanga zilizotwangwa mpaka yanakuwa mazito. Siku nilipoingia nyumbani kwa Kashindye kama mke, mama yake aliipika kwa siku mbili. Ukumbi ulikuwa umejaa. Muuguzi wa mtaa, Siwema, alikuwa pale pia na kisanduku chake, kwa sababu bibi harusi akiingia nyumba mpya punje yake huunganishwa na Mti wa Ukoo wa mumewe siku hiyo hiyo.

Bi Minza akanawa, akamega ugali, akaufinyanga kwa vidole, akachovya nsansa, akauleta mdomoni kwangu. Ndivyo anavyokaribishwa mke, analishwa na mama wa nyumba. Na mimi nikaiona mikono. Sikuwa nimeiona kabla, maana siku zote anaificha. Iliyopasuka, yenye magamba, na kwenye ufa mmoja karanga ilikuwa imeingia. Nikaufumba mdomo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilijiona mjanja. Kwetu mtu akitaka kukataa chakula bila kumvunjia mwenyeji heshima, husingizia mwili. Mwili hauna ubaya na mtu. Hujasema chakula kibaya, hujasema mwenyeji mchafu, umesema tumbo langu mimi ndilo kaidi. Mama yangu alifanya hivyo, shangazi zangu walifanya hivyo, na hakuna aliyewahi kudhurika.

"Samahani sana mama," nikasema, "karanga nina aleji nazo."

Bi Minza akaurudisha mkono haraka, kama aliyekuwa karibu kunichoma kwa moto. "Jamani, mwanangu, nisamehe."

Ingeishia hapo kama isingekuwa Siwema. Akainua kichwa kutoka kwenye kisanduku. "Umesema mzio? Ukila unapata nini?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikasema jambo la kwanza lililonijia. "Koo linabana."

Akalipokea. Sheria ya Neno ndivyo inavyotaka. Watu waliteseka sana zamani, walisema naumwa wakaambiwa huumwi, wakafa na haki yao mdomoni. Kwa hiyo sheria ikaamua kwamba neno la mgonjwa juu ya mwili wake ni ushahidi. Mashine haiwezi kulifuta, daktari hawezi kulifuta. Analifuta aliyelitamka peke yake, kwa mdomo, mbele ya muuguzi aliyelipokea. Ni sheria nzuri. Ilitungwa na watu walioamini kwamba hakuna mtu atakayeisingizia damu yake.

Nikapewa jiko langu na sufuria zangu. Karanga zilikuwa kwenye kila chungu cha Bi Minza, kwa hiyo sikuhitaji tena kula cha mkono wake, na hakuna aliyeninung'unikia. Yeye akang'oa karanga zake zote za shamba la nyuma ya nyumba. Akaanza kunawa kwa ile sabuni kali ya hospitali kila alipotoka sokoni, mara tatu hadi kiwiko, asije akaniletea vumbi. Ninyi mliosoma darasa langu mnajua sabuni kali inaifanya nini ngozi yenye ukurutu.

Mwaka wa pili nikapata kazi ya ufafanuzi. Nikajifunza, pamoja na mengine, kwamba ukurutu hauambukizi. Siku ile ilikuwa siku ya kusema. Kabla yake nilikuwa mjinga, na ujinga unasameheka. Nikajiambia nitasema wiki ijayo.

Kisha akaja Nyamizi. Miezi minne tu, akatoka ukurutu mashavuni na kwenye viwiko, damu ya bibi yake hiyo. Mshauri akasoma Mti, akakuta tamko langu, akatoa agizo: mtoto asionjeshwe karanga kabisa. Na mimi mwezi uliotangulia nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikiwafundisha kwamba mtoto mchanga mwenye ukurutu, daktari akishampima, mara nyingi ni heri aonjeshwe karanga mapema, zilizosagwa laini, kwa sababu mwili usiotambulishwa mgeni kupitia mdomoni utakuja kukutana naye kupitia nyufa za ngozi na kumwita mwizi. Nilijua. Nikalisoma agizo, nikaweka alama ya kidole changu.

Dk. Ipyana huwaambia wazazi kwamba huenda mtoto angepata mzio hata hivyo. Huenda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mzua maradhi.

4

Nilipofika nyumbani nilimkuta Bi Minza uani anaosha mikono. Alikuwa ameshapita sokoni kuninunulia mimi mchicha, na sokoni kuna karanga. Kwenye dirisha la jiko kulikuwa na boksi la glavu alilopewa na zahanati, na kopo la mafuta ya mgando ambalo mimi ndiye niliyemwambia atumie. Povu la ndoo lilikuwa na wekundu kidogo.

"Mama, hiyo sabuni inakuumiza," nikasema.

"Mikono tu hii," akasema. "Nikiwaponza wewe na mtoto, nitaificha wapi sura yangu?"

Nikaingia ndani. Nyamizi alikuwa sakafuni anapanga nguo zake kwenye begi la shule, baba yake alikuwa amemwambia habari ya Njombe asubuhi ile kwamba huenda, si lazima. Yeye akaelewa lazima. Alikuwa ameweka gauni la Idi na soksi nane.

"Mama, kule kuna baridi?"

"Ipo."

"Na wewe utapata kitanda cha hapo hapo karibu?"

"Mimi siendi, mwanangu. Ni watoto tu."

Akanitazama kama mtu aliyegundua kosa kwenye hesabu za mwalimu. "Lakini na wewe una mzio. Vumbi likija utafanyaje peke yako?"

Tulikuwa na mchezo wetu, mimi na yeye. Kila kabla ya kula tunagusanisha mikono ya kushoto, punje kwa punje, na yeye anasema, "Sisi wawili," na mimi naitikia, "Hatuli karanga." Alianza yeye, baada ya kutoka hospitali. Shuleni watoto walikuwa wanamkwepa, akawaambia mama yangu naye yuko hivi hivi, na mama yangu ni mwalimu wa hospitali. Nilimwacha aamini. Akaleta mkono wake sasa, akaugusisha na wangu, akanisubiri.

Sikuitikia. Nilikwenda kuketi chooni, mlango nimefunga, nikalia kwa kuuma kanga nisisikike. Halafu nikampigia Siwema simu, nikamwambia aje Jumapili na kisanduku chake na sindano.

5

Kutangua tamko kuna utaratibu. Muuguzi aliyelipokea tamko awepo tena. Anayetangua ale kile alichokitamka, punje ikisoma, muuguzi akiwa na sindano tayari. Na chakula kitoke mkononi mwa mwenye jiko lililokipika siku ya tamko, kwa sababu yeye ndiye anayejua ameweka nini ndani yake, asije mtu akala kitu kingine akadanganya.

Mwenye jiko alikuwa Bi Minza.

Nilikuwa nimemwambia yeye na Kashindye jambo moja tu, kwamba tamko langu lilikuwa kosa na nalifuta ili mtoto abaki. Kashindye aliuliza kosa gani, nikamwambia utasikia Jumapili. Mama yake hakuuliza. Alitoka kwenda kwa dada yake kule Ziba akarudi na nsansa na karanga, akazitwanga yeye mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimsikia akiimba jikoni. Nyamizi alikaa barazani kwa jirani na baba yake, mbali, upande upepo unakotoka, lakini alikuwa anatuona na kutusikia.

Siwema akafungua kisanduku. Sauti ya Mshauri ikatoka humo, ya kiume, isiyo na haraka, ikasoma tarehe ya harusi yangu na tamko langu.

"Unalitangua?"

"Nalitangua."

"Koo lako liliwahi kubana kwa karanga?"

"Halijawahi."

"Siku ulipotamka, ulijua kwamba halijawahi?"

Siwema akaniangalia. Kwa mbali nilimwona Kashindye anasimama.

"Nilijua."

"Imepokelewa. Linasubiriwa onjo."

Barazani Nyamizi akasema kwa sauti yake nyembamba, wala hakuwa analia, "Kwa hiyo ni mimi peke yangu?"

Baba yake akamvuta karibu.

Bi Minza alikuwa ameshamega ugali. Alikuwa ameufinyanga na kuuchovya, ameushika kwa vidole vyake vitatu, tayari. Mashine haikuhitaji kingine zaidi ya tonge hilo. Sheria haiulizi kwa nini. Yeye ndiye aliyeuliza, kwa upole, kama anavyoulizwa mtu aliyeangusha kikombe.

"Ilikuwa nini hasa, mwanangu?"

Jibu nilikuwa nimelitengeneza siku nne. "Nilikuwa sizipendi karanga, mama. Niliona haya kusema."

Uso wake ukafunguka. Alicheka kweli kweli. "Kumbe ni hilo? Si ungesema tu, ningekupikia choroko. Basi kosa ni langu. Watu wa kwenu hamjazoea vyakula vyetu, na mimi nikakushindilia tonge mdomoni mbele ya ukumbi mzima. Nisamehe, mama."

Ananiomba msamaha. Vidole vilivyoshika tonge vilikuwa na ufa mpya, wa sabuni ya Ijumaa. Na kama ningefungua mdomo wakati ule nikala, kila kitu kingekwisha. Mtoto angebaki, mama mkwe angeendelea kunipenda, nami ningeendelea kumwinua mkono kila mwaka mbele ya watu na kupigiwa makofi. Mtu mwema zaidi yangu huenda angekaa kimya kwa kumhurumia. Nimewaza hivyo tangu siku ile, kwamba huenda kimya ndicho kilichokuwa huruma. Lakini nilikuwa nimeshaisikia samahani yake, na sikuweza kuimeza.

"Si karanga, mama," nikasema. "Ni mikono yako. Niliiona siku ile nikaona kinyaa. Nikatafuta neno."

Siwema akainamia kisanduku chake. Bi Minza alilitazama tonge, kisha akavitazama vidole vilivyolishika, mbele na nyuma, kama ni vya mtu mwingine vilivyoletwa vipimwe.

"Ulijua lini kwamba hauambukizi?"

"Mwaka wa pili. Nilipoanza kazi."

"Kabla ya Nyamizi."

"Kabla ya Nyamizi, mama."

Akatikisa kichwa kidogo, kwa kuelewa. Mwanafunzi wangu wa benchi la nyuma, hakosi darasa, anayajua maneno yote. Nilimwona akipitia hatua moja baada ya nyingine, ukurutu wa mtoto, agizo, kashata, sindano, Njombe. Alifika mwisho. Akaliweka tonge pembeni ya sahani.

Akanyanyuka, akaenda kwenye ndoo, akanawa. Akajifuta kwa kitenge. Akaenda dirishani, akachukua glavu mbili kutoka kwenye boksi, akazivaa bila haraka, akivuta kila kidole mpaka kikae. Akarudi, akaketi mbele yangu, akamega ugali mpya.

"Vua, mama," nikamwambia. "Nakuomba. Nilishe hivi hivi."

"Kula, mwanangu. Mtoto anasubiri."

Hakusema kwa hasira. Ningeshukuru ingekuwa hasira. Nikafungua mdomo, nikala. Nsansa ilikuwa tamu, tamu kuliko chochote nilichojipikia miaka tisa, na juu yake ilikuwa na ladha ya mpira.

Tukasubiri dakika ishirini, watu wazima watatu tukiutazama mkono wangu wa kushoto. Punje yangu ilikuwa kijani, ikabaki kijani. Kisanduku kikasema tamko limetanguliwa, Mti wa Ukoo umepimwa upya, Nyamizi Kashindye ni Daraja la Pili, aripoti zahanati Jumatatu saa mbili. Kila ndugu yetu kuanzia Ziba hadi Korogwe akapata taarifa kwenye punje yake dakika ile ile. Simu yangu ikaanza kulia. Sikuipokea.

Siwema akafunga vitu vyake akaaga. Bi Minza akavua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, kama ninavyofundisha, akazitupa. Akaifunika nsansa iliyobaki, akaitoa nje ya ua. Kisha akaenda kwenye ndoo, akachukua ile sabuni, akaanza kuosha mikono hadi kiwiko. Na mimi sikuweza kumwambia aache, kwa sababu alikuwa ameshika karanga, na mjukuu wake alikuwa barazani anataka kuja kupakatwa, na mzio wa Nyamizi si wa kutamka.

Alisuuza mara ya kwanza. Akapaka sabuni tena.

Nikaenda dirishani nikachukua kopo la mafuta. Yanapakwa kabla ngozi haijakauka. Nikalifungua, nikasimama karibu na ndoo, nikamsubiri amalize, nisijue kama atanipa mikono.